Jembe Halijachoka, Mwenye Jembe Ndiye Aliyechoka

Barua tatu za toleo hili zimetoka pande tofauti za Uganda, lakini zinauliza jambo moja: mkulima mdogo anayezeeka abadili vipi kazi yake bila kuiacha. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo wasomaji wengi wametuuliza kwa vipandevipande.

Swali: Asalaam aleikum. Nina umri wa miaka 68, naishi nje kidogo ya mji wa Bombo, na tangu nilipostaafu udereva nimekuwa nikitegemea shamba langu la ekari mbili na nusu. Nusu ekari ni kahawa ya robusta iliyopandwa na marehemu baba yangu, kando yake kuna migomba, na sehemu iliyobaki nalima mahindi, maharage na mihogo katika misimu yote miwili ya mvua. Mwaka juzi nilikuwa nikilima tangu alfajiri hadi adhuhuri bila shida. Sasa nikiinama nusu saa tu mgongo unakataa kunyooka, na magoti yananiuma usiku hata usingizi unanipotea. Huwa nanunua diklofenaki dukani, nikameza kidonge kimoja kabla ya kwenda shambani na kingine jioni. Mke wangu ana miaka 63 na vidole vyake vimeanza kukakamaa. Watoto wetu, ambao wote wako Kampala, wanataka nikodishe shamba zima nipumzike, na wao wataniletea ng'ombe mmoja wa maziwa wa kufugwa bandani, kwa kuwa wanaona hiyo ndiyo kazi ya wazee. Sitaki kukaa barazani kama mgonjwa, na wala sitaki kuanguka shambani. Nifanye nini?
Msomaji, Bombo

Jibu: Waaleikum salaam, mzee wetu. Tuanze na huyo ng'ombe, maana ndiye anayetutia wasiwasi kuliko jembe lako.

Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 anayelishwa bandani hula kila siku majani mabichi yanayofikia sehemu moja ya kumi ya uzito wake au kupita, yaani kilo 40 na zaidi za nepia, na akiwa anakamuliwa hunywa maji lita 60 hadi 80, ambazo ni jerikeni tatu au nne. Ukijumlisha majani na maji unapata mzigo wa kilo 100 na ushei, ambao lazima mtu aukate, aubebe na kuufikisha bandani leo, kesho na keshokutwa, siku ya Idi na siku ya mazishi. Bado hujazoa samadi, wala hujachuchumaa mara mbili kwa siku kumkamua, na goti lenye maumivu ya uzee halina adui mkubwa kuliko kuchuchumaa. Mahindi yenye magugu yanaweza kukungoja siku mbili hadi mgongo utulie, lakini ng'ombe mwenye njaa hangoji. Watoto wako wamekusudia mema, nasi hatuwalaumu. Waambie tu kwa upole kwamba kama wanashikilia kununua ng'ombe, basi wanunue pamoja naye mshahara wa kijana wa kumhudumia kila mwezi. Kama hilo ni zito kwao, fedha hiyo ingefaa zaidi kununulia tangi la maji, ambalo tutalirudia.

Kuhusu kukodisha shamba lote, hapo pia hatukubaliani nao. Misuli ya binadamu huanza kupungua tangu umri wa miaka 30 hivi, kwa asilimia 3 hadi 8 katika kila miaka kumi, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Mtu akiacha kuitumia, hupungua upesi zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye shughuli za kuchangamsha mwili kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na ndani yake wawe na mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha mwili angalau siku tatu. Mtu wa mjini huyatafuta mazoezi hayo kwa kulipia, na wewe unayo nyuma ya nyumba. Kinachokuumiza ni kazi chache ndani ya kilimo: kuinama kwa muda mrefu, kubeba, na kukaa juani. Ukizibaini hizo na kuzipunguza, sehemu kubwa ya ukulima itabaki mikononi mwako.

Pima shamba lako kwa miguu, si kwa ekari. Sehemu iliyo karibu na nyumba, ambayo unaweza kwenda na kurudi mara tatu bila kupumzika, ibaki yako: kahawa, migomba, na robo ekari ya chakula. Sehemu ya mbali ndiyo uikodishe au umpe jirani kijana mgawane mavuno. Fanya hivyo kwa msimu mmoja mmoja, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, na mashahidi, hata kama kijana mwenyewe ni mtoto wa rafiki yako. Tumeona mashamba ya wazee yaliyoazimwa kwa neno la mdomo tu, na baada ya miaka mitano mwazimwaji akawa ameshapanda miti ya kudumu.

Katika hiyo robo ekari ya chakula, mpe muhogo nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa ukishakomaa hukaa ardhini miezi kadhaa ukikungoja, ukang'oa shina moja leo na jingine wiki ijayo kwa kadiri ya nguvu zako. Usiung'oe kwa kuuvuta na mgongo; funga shina kwa kamba kwenye mti mrefu imara, mti uulaze juu ya gogo lililo karibu na shina, kisha bonyeza mwisho wa pili kama mwenzo. Viazi vitamu ni vizuri, lakini matuta yake ni kazi nzito, na hapo itafaa uajiri kibarua wa siku mbili kuliko kuyainua mwenyewe.

Kahawa ya marehemu baba yako bila shaka imerefuka. Mti mrefu humlazimisha mvunaji kuuvuta au kupanda ngazi, na mzee hapaswi kupanda ngazi shambani. Dawa yake ni kukata mashina ya zamani kwa mshazari, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, baada ya mavuno makuu, kisha machipukizi yakitoka uache mawili au matatu yaliyo imara na kuondoa mengine. Kwa kuwa mti uliokatwa hautazaa kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, usikate shamba lote kwa mara moja. Kata safu moja katika kila safu nne, na mwaka unaofuata nyingine, ili mapato yasikauke. Kazi ya msumeno umwachie kijana, wewe chagua machipukizi, maana hapo ndipo macho ya mwenye uzoefu yanapohitajika. Baadaye miti ikizidi kimo chako, vunja vichwa vyake ili matunda yakae mahali mikono inapofika bila kuinuliwa juu ya mabega.

Palizi ndiyo inayokupinda mgongo, na silaha yake kubwa ni matandazo. Mabua ya mahindi, majani makavu ya migomba, nyasi, na maganda ya kahawa kutoka kinu cha kukoboa yakitandazwa kwa unene wa kiganja, magugu hayapati mwanga na udongo haukauki upesi. Kwenye migomba uyaweke umbali wa futi mbili hivi kutoka shinani, kwa sababu fukuzi wa migomba hupenda kujificha palipo na unyevu chini ya majani. Magugu machache yatakayopenya yaondolewe kwa jembe la kusukuma lenye mpini unaofika kifuani unapolisimamisha. Linafanya kazi vizuri magugu yakiwa bado madogo, na ukingoja yafike magotini utarudi kwenye jembe lako la zamani. Jembe na panga vinolewe kwa tupa kila wiki. Chombo butu hukopa nguvu mwilini mwa mwenye nacho, na wewe huna za kukopesha.

Siku ya kupanda mahindi, mtu mmoja atangulie akitoboa mashimo kwa mti uliochongwa ncha, nawe ufuate ukiwa umesimama, ukidondosha mbegu kupitia kipande cha bomba la plastiki kinachofika kiunoni, kisha ufukie kwa mguu. Wachache hucheka wanapoona mara ya kwanza. Wacheke.

Sasa maji. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 40 likinyeshewa milimita 20 hutoa lita 800, na hata ukiondoa zinazopotea, hubaki jerikeni zisizopungua 30 ambazo hakuna aliyezitoa kisimani. Mifereji ya bati na tangi ndivyo tulivyosema watoto wanunue badala ya ng'ombe. Palipobaki pa kubeba, tumia wilibaro, au baiskeli unayoisukuma; na mahindi yafungwe katika magunia ya kilo 25, kwa sababu gunia la kilo 100 halikuwahi kutengenezwa kwa ajili ya mgongo wa mtu yeyote, awe kijana au mzee.

Ingia shambani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utoke saa nne, na ukitaka kurudi iwe baada ya saa kumi jioni. Kila nusu saa badili kazi: ukipalilia, kisha ukae ukipukuchua, kisha utembee ukikagua migomba. Kunywa maji kabla ya kuhisi kiu, kwa sababu hisia ya kiu hudhoofika kwa umri, na mzee anaweza kukaukiwa bila kujua. Kazi ya kunyunyizia dawa iachie wengine kabisa. Bomba la lita 16 lililojaa lina zaidi ya kilo 16 mgongoni, juu ya udongo unaoteleza, pamoja na sumu.

Mkeo asaidiwe kwa kuizungushia mipini ya visu na majembe vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli hadi iwe minene, kwa sababu vidole vilivyokakamaa hushika kitu kinene kwa urahisi kuliko chembamba. Kupukuchua mahindi kwa vidole aache. Mashine ya kijijini itafanya kwa dakika chache kazi ya siku zake mbili.

La mwisho ni hizo diklofenaki, na hapa tunakuomba, mzee wetu, utusikilize. Dawa hiyo huondoa maumivu kwelikweli, lakini ikimezwa kila siku bila kusimamiwa na daktari, hasa katika umri wako, huweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Zaidi ya hayo, kuimeza kabla ya kwenda kulima ni kuuziba mdomo wa goti linalokuambia uache, ukaendelea kulitumia. Nenda kituo cha afya upimwe shinikizo la damu, goti lichunguzwe, na uwaambie wazi umekuwa ukimeza nini na kwa muda gani. Ukiona kinyesi cheusi kama lami, ukipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi unapofanya kazi, au miguu ikifa ganzi, usingoje siku ya soko.

Swali: Mimi ni mfanyakazi Kampala, na mama yangu mwenye miaka 74 anaishi peke yake na mjukuu mmoja wa miaka kumi milimani wilayani Kasese, juu ya Bwera. Analima maharage na kahawa kwenye mteremko mkali. Mwaka huu ameteleza mara mbili, ya pili akaumia kifundo cha mkono. Nimemwomba aje kukaa nami, anakataa. Nimemwomba aache kulima, anakubali kwenye simu halafu majirani wananiambia wamemwona juu na jembe. Nimsaidieje mtu asiyetaka kusaidiwa?
Binti yake

Jibu: Dada yetu, mama hajakataa msaada, amekataa kuhamishwa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Badala ya kumwamuru, mwulize akuonyeshe kinachompeleka juu kila siku. Mara nyingi utakuta ni mboga na maharage ya sufuria ya jioni. Ukimsogezea hivyo mlangoni, safari za mlimani zitapungua zenyewe bila mtu kushindwa katika mabishano.

Magunia manne au matano yaliyojazwa udongo uliochanganywa na samadi, yenye nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, yakitobolewa ubavuni huotesha sukuma, dodo (mchicha) na vitunguu ambavyo anavichuma akiwa amesimama. Kama kuna mawe karibu, na Kasese hayakosekani, vijana wamjengee kitalu cha mduara kinachofika kiunoni, chenye njia nyembamba ya kuingilia hadi katikati, ambako hutupwa maganda ya jikoni yaoze na kulisha mimea. Kwa maharage, milima ya Rwenzori ina ubaridi unaofaa aina zinazopanda juu ya fito. Fito za mita mbili zikisimikwa nyuma ya nyumba, atapata mavuno mengi zaidi katika eneo dogo kuliko aina fupi, na atavuna bila kuinama. Anachohitaji ni mtu wa kumkatia fito, basi.

Kahawa ya mteremkoni, ambayo hatutarajii aiache, iwe na kijana wa kuvuna kwa mgawo, na mama asimamie. Njia ya kwenda huko ichongwe ngazi, kila moja ikazwe kwa kipande cha mti na vigingi, na pale panapotisha zaidi ipigwe kamba ya kushikilia. Asiende na sapatu bali viatu vyenye meno, awe na fimbo, na asishuke na mzigo kichwani: mzigo ashuke nao mtu mwingine au ushushwe kwa kamba. Asitoke mara baada ya mvua.

Kuna mambo mawili unayopaswa kuyafuata mwenyewe utakapoenda kumtembelea. Kwanza, apimwe macho, kwa sababu aliyeteleza mara mbili kwa mwaka huenda haoni vizuri mahali anapokanyaga, na mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji mfupi. Pili, kama anameza dawa za shinikizo la damu, uliza kama anapata kizunguzungu anapoinuka ghafla, ukampeleke zirekebishwe. Mjukuu wa miaka kumi anaweza kubeba maji kiasi chake na kukimbia kuita jirani, lakini hawezi kumwinua bibi yake aliyevunjika nyonga. Kwa hiyo jirani mtu mzima awe na namba yako, na mama awe na simu mfukoni, si juu ya kabati.

Swali: Nina miaka 71, naishi Masindi. Ng'ombe nimeuza, kulima nimepunguza, sasa nataka kuanza nyuki. Rafiki yangu ana masanduku ya kisasa yanayopangwa moja juu ya jingine na anasema ndiyo bora. Je, yananifaa?

Jibu: Hayakufai, mzee, na sababu ni uzito. Sanduku moja kubwa la aina hiyo likijaa asali huweza kupita kilo 30, nawe unapaswa kuliinua likiwa na nyuki wenye hasira ili ufikie la chini. Chukua mzinga wa viunzi vya juu, ule mrefu wenye umbo la hori, unaojulikana Afrika Mashariki kwa jina la mzinga wa Kenya. Unaufungua ukiwa umesimama, unainua kiunzi kimoja kimoja chenye sega moja, na hakuna kitu kizito cha kuinua isipokuwa ndoo, ambayo unaweza kuijaza nusu. Mizinga ya magogo inayopandishwa mitini waachie wajukuu.

Uning'inize kwa waya kati ya nguzo mbili, kimo cha kiuno chako, na nguzo uzipake grisi kuzuia siafu. Uwe mbali na nyumba, mifugo na njia ya watoto, kwa kuwa nyuki wetu ni wakali na mtu mwenye magoti mabovu hatawashinda mbio. Hiyo ndiyo sababu usivune peke yako hata mara moja. Kama uliwahi kuumwa na nyuki ukavimba uso au ukakosa pumzi, acha mpango huu, fuga kuku.

Kuhusu mtaji, mfuko wa serikali wa Mpango wa Maendeleo ya Parokia (PDM) hutoa shilingi 1,000,000 kwa mtu, lakini ni mkopo wenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka, si zawadi kama inavyosemwa vijiweni. Kwa wenye miaka 60 hadi 79 kuna pia ruzuku ya serikali ya vikundi vya wazee, ambayo huombwa kupitia afisa wa maendeleo ya jamii katika ofisi ya kata ndogo. Ule mpango wa serikali wa kuwapa wazee shilingi 25,000 kwa mwezi ulipoenezwa nchi nzima uliwekewa umri wa miaka 80, basi usiuweke katika hesabu zako za sasa. Nunua mizinga miwili kwanza, uipake nta ndani, uone kama nyuki watahamia kabla hujakopa fedha ya mizinga kumi.